Kabla Hujanunua Ubao Mama

Msikilizaji unayetaka kuunda kompyuta ya mezani, usianze na ubao mama. Chagua prosesa kwanza, maana ndiyo inayoamua soketi. Ryzen 5 5600 hukaa kwenye AM4. Ryzen 5 7600 inataka AM5, soketi iliyotoka mwaka 2022, nayo haipokei RAM ya DDR4 hata ukiibembeleza. Kwa LGA1700 ya Intel zipo mbao za DDR4 na za DDR5, kwa hiyo soma boksi kabla hujatoa hela. Ubao wa B450 uliokaa sana dukani huenda usiitambue 5600 mpaka BIOS isasishwe. Mwambie muuzaji aisasishe palepale. Taa za rangi? Mapambo tu. Pima kasha: ubao wa ATX hauingii kwenye kasha la Micro-ATX.