Kugawana Sifa ya Ushindi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, mliomo msikitini humu, nanyi mnaotusikiliza majumbani na mashuleni, tunakuusieni, nasi tunajiusia, kumcha Mwenyezi Mungu. Maneno yetu ya leo yanahusu jambo ambalo wengine wataliona dogo kupandishwa juu ya mimbari: watu wawili wanapoleta ushindi mmoja, sifa ni ya nani?

Hapa kwetu Kang'ata, katika Wilaya ya Handeni, vijana wetu wa mpira wa kikapu walirudi na kombe, na shangwe haikumaliza wiki kabla ya kugeuka maneno. Wako wasemao kombe ni la yule aliyefunga sana. Wako wasemao ni la mwenzake aliyekuwa akimletea mpira. Vijana wenyewe hawakuyaanza haya. Yalianza barazani, kwa watu wazima. Leo hao wawili, waliokuwa wakila sahani moja, hawaamkiani. Majina yao hatuyataji. Mtume (s.a.w.) amemkataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na akatufunza kwamba mbora wa wawili hao ni yule aanzaye kutoa salamu. Siku tatu zimekwisha pita, na ndiyo sababu tumelileta hapa.

Mtazameni Nabii Musa (a.s.). Alipoamrishwa kumwendea Firauni, aliomba nduguye Harun awe msaidizi wake, tena ashirikishwe katika kazi ile ile aliyoitiwa yeye peke yake. Akakiri kwamba Harun ana ulimi fasaha kuliko wake. Hakuchelea watu kusema, "Kumbe msemaji hasa ni Harun." Ubora wa mwenzake aliutaja kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya Yule anayetoa vyeo, na ombi lake likakubaliwa.

Katika mwaka wa 13 wa Hijra, Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipoushika ukhalifa, alimwondoa Khalid bin Walid katika uongozi wa majeshi ya Sham, akamweka Abu Ubaida bin Jarrah. Wanahistoria wanasimulia kwamba Abu Ubaida alipoipata barua ya cheo chake alinyamaza nayo kwa muda, asimvunje moyo mwenzake vitani. Naye Khalid alipojua, hakurudi nyumbani kwa hasira; aliendelea kupigana chini ya amri ya Abu Ubaida. Imepokewa kwamba Umar alieleza kuwa hakumwondoa kwa chuki, bali alihofia watu wasije wakamtegemea Khalid, wakasahau kwamba mwenye kunusuru ni Mwenyezi Mungu.

Katika nchi yetu pia mfano upo. Tarehe 31 Julai 1980, katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow, Filbert Bayi alipata nishani ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Alitangulia kwa kasi kubwa, akapitwa katika mzunguko wa mwisho na Bronisław Malinowski wa Poland. Kesho yake, tarehe 1 Agosti, Suleiman Nyambui naye akapata nishani ya fedha katika mbio za mita 5,000, akizidiwa na Miruts Yifter wa Ethiopia kwa muda usiofika sekunde moja. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hakuna Mtanzania mwingine aliyerudi na nishani ya Olimpiki. Nishani mbili, watu wawili, siku mbili zilizofuatana.

Hata hivyo, waulizeni watoto wenu. Jina la Bayi litatangulia, na mara nyingi litabaki peke yake. Sababu ipo. Mnamo tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, na hiyo ni haki yake, hapunguziwi. Lakini fedha ya Nyambui haina uzito pungufu.

Tena fikirini: wale walikimbia kila mmoja mbio zake, na kazi ya kila mmoja ilionekana wazi. Ikiwa hata hapo mmoja husahauliwa, itakuwaje katika mchezo ambao mpira hupita mikono mitano kabla ya kuingia kikapuni? Aliyefunga alipewa. Na aliyetoa, mpira wake ungepotea bure lau mwenzake angekosa shabaha. Anayedai kuujua mpaka baina ya kazi mbili hizo anadai elimu asiyokuwa nayo.

Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba amali za waja huhudhurishwa Jumatatu na Alhamisi, na husamehewa kila asiyemshirikisha Mwenyezi Mungu na chochote, isipokuwa wawili walio na chuki baina yao; hao husemwa wangojewe mpaka wapatane. Jana ilikuwa Alhamisi.

Basi wazee wa barazani, mgeni akiuliza habari za kombe, mtajieni majina yote mawili. Nanyi vijana wetu wawili, tutakapotoa salamu ya Swala hii, kila mmoja amtafute mwenzake kabla ya kutafuta viatu vyake.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi nanyi, na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.