Nyama ni Ile Ile, Miguu Haitembei Tena: Kolesteroli na Moyo wa Mmaasai

Hotuba ya afya kwa wakazi wa Nkoroi



Kuna neno linalosemwa sana hapa, hasa nyama choma ikishaletwa mezani: Mmaasai hashikwi na moyo. Babu alikunywa maziwa, akala mafuta ya ng'ombe, na akazeeka akichunga. Neno hilo lina ukweli ndani yake, ila limesimuliwa nusu, na kwa sababu ya nusu hiyo wazee wengi hukataa kupimwa.

Lilianzia wapi? Mapema katika miaka ya 1960, daktari Mmarekani aliyeitwa George Mann, wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alifika na wenzake Umaasaini upande wa Tanganyika. Walipima wanaume 400, pamoja na wanawake na watoto. Watu wale waliishi kwa maziwa na nyama, lakini kolesteroli katika damu yao ilikuwa chini, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache mno. Taarifa ilitoka mwaka 1964 ikashangaza madaktari wengi. Hadi leo kuna wageni wanaouza mlo wa nyama tupu kwenye simu kwa jina la Wamaasai, na bila shaka hawajawahi kuswaga ng'ombe hata mmoja kutoka Magadi.

Wasichokisimulia ni kilichofuata. Mwaka 1972 kikundi hicho cha Mann kilitoa taarifa nyingine, baada ya kuchunguza mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokuwa wamefariki. Mafuta yalikuwepo. Mishipa ya moyo ilikuwa imejengeka utando ndani, kiasi cha kulinganishwa na ya wazee wa Marekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia. Fikirieni lori lililokwama kwenye Barabara ya Magadi. Barabara ikiwa pana, matatu zinapita pembeni. Ikiwa nyembamba, magari yote yanasimama. Watafiti wale waliona kwamba upana huo huenda ulitokana na mazoezi ya miguu.

Na miguu ile ilifanya kazi kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Tanzania uliwalinganisha Wamaasai na wakulima wa vijijini na watu wa mjini. Mmaasai alitumia zaidi ya kilokalori 2,500 kwa siku juu ya zile ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Mkulima alitumia kama 1,500, na mtu wa mjini hakufikisha 900. Kwa mtu wa ofisini kuifikia hesabu ya mfugaji, ingembidi aongeze mwendo wa kama kilomita 20 kila siku.

Tena babu hakula nyama kila siku. Ng'ombe alikuwa mali, hachinjwi ovyo. Chakula cha kila siku kilikuwa maziwa, mara nyingi yaliyoganda kwenye kibuyu, na kiangazi kilipokaza hata hayo yalipungua. Nyama nyingi ililiwa kwenye sherehe, kwa mgonjwa, kwa mama aliyejifungua, au olpul, ambako morani walikaa porini wakinywa supu iliyotiwa magome na mizizi kama olkiloriti. Wataalamu wameichunguza miti hiyo kuona kama husaidia kupunguza kolesteroli. Supu yake ni ya heshima, ila haichukui nafasi ya dawa uliyoandikiwa na daktari.

Sasa tazameni Nkoroi. Ardhi ya kundi iligawanywa, kisha ikakatwa ploti. Penye malisho pana nyumba za kupangisha. Aliyebaki na ng'ombe wachache ameajiri mchungaji, na mwenye mali hupanda bodaboda hadi dukani. Asubuhi ni matatu ya kwenda Nairobi, mchana kiti cha ofisi, jioni kiti cha sebuleni. Nyama imebaki, tena imeongezeka, kwa kuwa bucha haingoji sherehe. Juu yake kuna chapati, chipsi za mafuta yaliyorudiwa kukaangia, soda, na chai ya sukari mara nne. Yeyo naye, ambaye zamani alibeba maji na kuni, leo ana mfereji na gesi. Hakuna anayetaka arudi mtoni, lakini mwili wake umepoteza kazi ile na haujapewa nyingine.

Kolesteroli haiumi. Hakuna mtu aliyewahi kuihisi ikipanda. Shinikizo la damu nalo huja kimya vivyo hivyo. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Aliyefikisha miaka 40, au mwenye tumbo lililotangulia mbele, kisukari, sigara, au mzazi aliyekufa ghafla, asingoje. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba anaweza kupima shinikizo na sukari. Kolesteroli huhitaji damu ipelekwe maabara, kwa hiyo uliza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukipewa dawa, usiziache kwa sababu umejisikia vizuri. Kwa nyama, punguza siku na uondoe mafuta yanayoonekana. Sukuma wiki na maharagwe hayamwondolei mtu Umaasai. Kisha tembea, mwendo wa kutoa jasho, angalau nusu saa kwa siku, siku tano za wiki.

Na mtu akibanwa kifua kama amewekewa jiwe, maumivu yakashuka mkononi au kupanda tayani, jasho baridi likamtoka, pumzi ikakatika, msimpe supu wala msimlaze mkingoja kukuche. Mwanamke anaweza asiumwe sana kifuani, akahisi uchovu mkubwa na kichefuchefu tu. Tafuteni gari saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane, mfike hospitali.