Kazi ya Kikundi Mtandaoni: Sehemu Yako ni Ipi?

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata)



Wazazi kadhaa wameniuliza kwa nini kijana wa chuo kikuu hukesha na simu akidai yupo katika kazi ya kikundi. Naomba nilijibu, kwani swali hilo linagusa pia huduma ya Halmashauri yetu.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo hapa Mwanza. Wanaosoma kwa masafa huweza kuwa mmoja Ukerewe, mwingine Sengerema, wa tatu Magu. Kwao kukutana ni nauli na siku ya kazi iliyopotea. Mtandaoni huandika andiko moja kwa pamoja.

Niliposoma stashahada, kikundi chetu kilikuwa na watu sita. Wawili waliandika, wanne tukaweka majina. Ndiyo, nilikuwa miongoni mwa wale wanne. Alama tulipata sawa, ushirikiano hatukujifunza.

Andiko la mtandaoni huweka kumbukumbu ya nani ameandika nini, na lini. Hata hivyo, kumbukumbu pekee haitoshi: aliyeishiwa kifurushi huonekana mvivu. Kwa hiyo mwalimu hana budi kugawa majukumu, kupanga tarehe, na kutoa alama za kikundi pamoja na za kila mtu. Wavuvi wetu wa dagaa walijua hilo zamani: mwenye taa ana kazi yake, mvuta nyavu ana yake, na usiku ukiharibika wote hurudi mikono mitupu.

Jambo hili haliishii chuoni. Sheria inaitaka Halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana huipata kupitia vikundi. Humo, aliyeweka jina bila kufanya kazi hapati alama za bure; anapata deni.

Basi, mzazi, kabla ya kumnyang'anya simu, muulize kijana wako: sehemu yako ni ipi, na mwenzako amekwama wapi? Akijibu yote mawili, yupo darasani. Nanyi mnaotaka kuunda kikundi, mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, mkiwa na majibu hayo hayo.