Shimo la Choo na Haki ya Jirani

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mcheni Mola wenu.

Matende na busha ni maradhi ya kale Unguja na Pemba, na wengi wetu tulilelewa tukiyadhania kuwa ni uchawi au wingi wa madafu. Wataalamu wamebainisha kuwa ni minyoo myembamba mfano wa uzi, ambayo mbu huihamisha kutoka damu ya huyu hadi ya yule. Vijana vya minyoo hiyo hudhihiri katika damu usiku. Ndiyo sababu wapimaji walibisha hodi watu wamekwisha lala.

Huko Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yenye maji yalimwagiwa chembe nyepesi za plastiki, zikaelea, mbu akakosa pa kuzaliana. Na watu wakapewa dawa. Maradhi yakapungua sana. Mwaka 2001 dawa zikaanza kugawiwa visiwani kote.

Nami sioni udhuru wa mtu atawadhaye mara tano kwa siku, na shimo lake li wazi ubavuni mwa jirani.

Ama mwenye busha, asiikimbie safu ya msikitini kwa haya. Busha hupasuliwa hospitalini, na mtu akarejea shambani kwake.