Mgonjwa Hubadilika Njiani



Kamati imetupa nafasi tuseme machache siku hii ya 20 Juni. Wengine watazungumzia chakula na kuni, na wana haki. Sisi walimu tumechagua ambulansi.

Tangu kambi yetu ya Bwagiriza ifunguliwe mwaka 2009, njia ya mgonjwa aliyezidiwa tunaijua: kituo cha afya, kisha Ruyigi, na ikishindikana hapo, Bujumbura. Gari linapita Gitega na Muramvya, linapanda Bugarama kwenye baridi, zaidi ya mita 2,000, halafu linateremka kona kwa kona mpaka kwenye joto la ziwa. Karatasi iliyoandikwa asubuhi inafika jioni ikisema maneno ya asubuhi. Daktari anauliza: hali hii ilianza saa ngapi? Watu wanatazamana.

Mwili mara nyingi hutoa habari mapema, na pumzi ni kati ya zinazotangulia. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akifika 25 au zaidi, au akishuka mpaka 8, ni hatari kubwa. Hesabu dakika nzima ukitazama kifua, wala usimwambie, maana atabadili pumzi. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, mara 40 au zaidi ni pumzi ya haraka; wa miezi 2 hadi 11, mara 50; mchanga wa chini ya miezi 2, mara 60. Lakini mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege au asiyeamka, huyo usingoje hesabu, mwite muuguzi. Na mama aliyetoka kuzaa, funua shuka utazame damu. Presha yake inaweza kubaki nzuri kwa muda huku damu inakwisha. Mikono baridi na moyo unaokimbia vitasema kabla ya presha.

Sasa lile lililotusimamisha hapa. Mwaka 2012 Royal College of Physicians ya London ilitoa hesabu ya alama za hatari kwa wagonjwa watu wazima. Ilipoirekebisha mwaka 2017, iliongeza jambo moja: mtu aliyekuwa akisema sawa, akaanza kuchanganya maneno. Hilo peke yake lina alama 3, sawasawa na pumzi 25. Basi fikirini ndani ya gari letu. Muuguzi anasema Kirundi na Kifaransa. Mgonjwa ni bibi wa Fizi, anasema Kibembe na Kiswahili. Akianza kumwita dereva kwa jina la marehemu mume wake, nani atajua kwamba akili imeyumba? Ni binti yake tu, naye amewekwa mbele kando ya dereva kwa sababu nyuma kumejaa mizigo.

Tunaomba kwa heshima, kwa kuwa wakubwa wa HCR na wa mashirika ya afya wako hapa: mizigo iende mbele, binti akae nyuma, kichwani pa mgonjwa, na muuguzi awe hapo hapo. Kila robo saa amwulize mama yake jina lake, yuko wapi, leo ni siku gani. Pumzi na majibu yaandikwe pamoja na saa. Hali ikibadilika, muuguzi aambiwe wakati ule ule, maana kabla ya Gitega bado kuna la kuamua: kusimama kwenye hospitali ya pale, au kupiga simu Bujumbura wajitayarishe. Baada ya Bugarama nafasi hiyo imepita.

Wanafunzi wa darasa la sita wamekwisha kuchora karatasi zenyewe, kwa Kiswahili upande mmoja na Kirundi upande wa pili. Ziko kwa katibu wa kamati, pamoja na saa mbili zenye mshale wa sekunde, kwa sababu simu huzimika njiani. Saa hizo zirudishwe gari likirudi.