Masomo ya Bure: Tumwulize Nani?



Wengi mmetuuliza: «Kama masomo ya msingi ni bure, kwa nini mtoto anafukuzwa kwa sababu ya franga?» Leo tutafute jibu pamoja.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1906, utawala wa Mfalme Léopold II ulipatana na Vatikani: misioni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Hata leo shule nyingi za Leta zinaongozwa na makanisa, kufuatana na mapatano ya mwaka 1977. Katika miaka ya 1980, Zaire ilielemewa na madeni. Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia yalidai Leta ipunguze matumizi, na masomo yakakatwa. Katika miaka ya 1990 wazazi wakaanza kumlipa mwalimu primu. Mzigo wa Leta ukahamia mgongoni mwa mama anayeuza muhogo.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za Leta. Utekelezaji wake katika nchi nzima ulianza Septemba 2019 tu. Mwaka 2020 Benki ya Dunia, ile ile, ilikubali kutoa dola milioni 800 kusaidia kazi hiyo. Hatusemi hivi ili tuwachukie wageni. Sisi wenyewe tunafanya kazi kwa pesa za wafadhili. Lakini tunaona hatari: tukizoea kumwuliza mfadhili kila kitu, tutasahau kuiuliza Leta.

Na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Wenyeji wanasema: «Watoto wa waliohama wamejaza viti vyetu, na madaftari wanapewa wao tu.» Waliohama wanajibu: «Tumepoteza mashamba, na bado tunaombwa pesa.» Ndugu zetu, nyote mnasema kweli. Lakini anayewakosesha si jirani aliyeketi kando yenu.

Basi tunawaomba mambo matatu. Komite ya wazazi iwe na wenyeji na waliohama pamoja. Iulize ni walimu wangapi hawamo kwenye orodha ya mishahara ya Leta, maana mwalimu asiyelipwa ndiye anayerudi kwa mzazi. Kisha majina hayo yapelekwe kwa maandishi kwa wakubwa wa elimu, yakiwa na sahihi za pande zote mbili.

Barua moja haitaleta mshahara kesho. Lakini wazazi wanaoandika barua pamoja leo, hawatarushiana mawe kesho. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mfadhili atarudi kwao siku moja. Sisi tutabaki hapa, na watoto wetu, na Leta ambayo ni yetu.