Hotuba kwa Wazazi wa Kiuu: Kuchagua Kitabu Dukani



Shule zikikaribia kufunguliwa, mzazi huingia dukani na orodha mkononi. Hununua vitabu vya kiada, madaftari na kalamu, na pesa zinaishia hapo. Kitabu cha hadithi hubaki rafuni, ilhali ndicho humfanya mtoto apende kusoma.

Mzazi aende na mtoto. Amfungulie ukurasa wa katikati, asome kwa sauti. Akikwama kwenye maneno matano au zaidi, kitabu kimemzidi. Kirudishwe, kichukuliwe chepesi, bila kumwaibisha mbele ya watu. Jalada la kupendeza si kipimo.

Wino unaopaka vidole na picha zenye ukungu ni dalili za nakala ya wizi, na bei hiyo nafuu humnyima mwandishi jasho lake. Vitabu vya mitumba vya inama havina kosa. Mnunuzi ahakikishe tu kurasa zimetimia.

Na mtu mzima je? Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru, Kiambu hii hii, mwaka wa 1938, aliwaandikia wote: Caitaani Mũtharabainĩ ya 1980 kwa wakubwa, hadithi za Njamba Nene kwa watoto. Lakini Kiuu si ya Wakikuyu pekee. Anayetaka riwaya ya Kiswahili aulizie Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Kijana wa sekondari pia ataifurahia. Pesa za vitabu viwili zikikosekana, kinunuliwe hicho kimoja, mzazi na kijana wakisome kwa zamu.